Ndege ndogo huangukaje: ni injini, hali ya hewa au rubani?

Msafiri wa Kilindoni

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kazi yangu hunilazimu kusafiri mara kwa mara kati ya Dar es Salaam na Mafia kwa zile ndege za injini moja zenye viti kumi na viwili hivi, ambamo abiria aliyeketi mbele huziona saa zote za vipimo zilizo mbele ya rubani na kusikia kila anachokisema redioni. Siogopi ndege. Kinachonichosha ni namna ajali zake zinavyojadiliwa: siku ya kwanza tunaambiwa ni hali mbaya ya hewa, siku ya pili ni hitilafu ya injini, siku ya tatu ni uzembe wa rubani, kisha habari inazimika kabla uchunguzi haujakamilika.

Mifano haiko mbali. Novemba 15, 2017 ndege iliyotoka Uwanja wa Kilimanjaro kwenda Seronera ilianguka eneo la Empakai, Ngorongoro, wakafa watu 11. Juni 5, 2018 nyingine iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Nyandarua, wakafa watu 10. Oktoba 28, 2025 ndege iliyoruka kutoka Diani kuelekea Kichwa Tembo, Maasai Mara, ilianguka Kwale na kuwaua wote 11 waliokuwamo. Zote tatu zilikuwa Cessna Caravan, aina ileile ninayoipanda mimi.

Ningependa wenye ujuzi wanieleze mambo mawili. Kwanza, je, kuna chanzo kinachojirudia, au kila ajali ina yake? Pili, inawezekanaje ndege yenye injini nzima, mikononi mwa mtu aliyesomea kazi hiyo, igonge mlima ambao uko palepale tangu dunia iumbwe na umechorwa kwenye kila ramani? Naomba pia tusiishie kwenye kauli kwamba siku ikifika imefika. Hilo naliamini, lakini silo ninalouliza.

---

Mkufunzi wa Anga, Nairobi

Mleta mada, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake linabeba sehemu kubwa ya lile la kwanza.

Rubani huruka kwa mojawapo ya taratibu mbili. Katika ya kwanza anaruka kwa macho: anaona ardhi, anaona upeo, anakwepa mawingu, na wajibu wa kutogonga kitu ni wake. Katika ya pili anaruka kwa kutegemea vifaa, yaani anafuata njia na mwinuko uliopimwa na kuwekwa salama juu ya vilima, hata kama nje haonekani mtu wala mti. Taratibu zote mbili ni salama zikifuatwa kikamilifu. Hatari iko katikati yake, pale ambapo rubani aliyeanza safari kwa macho anakuta mawingu yameshuka, anapunguza mwinuko ili abaki chini yake, anapunguza tena, na hatimaye anajikuta kwenye bonde ambalo wingu limekuwa paa na miteremko imekuwa kuta. Akiwa na bahati atageuka mapema. Akichelewa atalazimika kuingia ndani ya wingu akiwa chini ya vilele, na kuanzia hapo ramani aliyonayo haimsaidii kama haijui nafasi yake kwa uhakika.

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya wingu tatizo ni kutoona tu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mwili unadanganya. Katika sikio la ndani kuna mirija yenye majimaji ambayo hutuambia tunapogeuka, lakini mgeuko ukiwa wa taratibu na wa kuendelea, majimaji yale hutulia na ubongo huamini kwamba tunakwenda sawa. Rubani anapoitazama saa ya mlalo, ile inayoonyesha jinsi ndege ilivyoinama, na kuona bawa limeinama, kisha akalinyoosha, mwili humwambia kwamba sasa ndipo ameanza kupinda upande wa pili, naye hurudisha usukani kule alikotoka. Pua ya ndege inashuka, mwendo unaongezeka, anavuta usukani ili apande, na kwa kuwa bawa limeinama, kule kuvuta kunabana mzunguko badala ya kuinua ndege. Nimekaa na wanafunzi hodari kabisa, nimewafunika macho wasione nje, nikawaambia wanieleze ndege imelalaje. Wanajibu kwa uhakika kwamba iko sawa, ilhali inazunguka na kushuka.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kilifanya jaribio linalotajwa hadi leo katika madarasa yetu. Marubani 20 wasio na mazoea ya kuruka kwa vifaa walizuiwa kuona nje wakiwa angani, na wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda uliopita kabla ya hapo ulikuwa sekunde 178, hata dakika tatu hazikutimia. Tangu hapo saa za ndege zimeboreka sana. Sikio la binadamu ni lilelile.

Sasa itazame jiografia yetu. Ndege inayotoka magharibi mwa Kenya kuja Nairobi inakutana na Nyandarua, ambako kilele cha juu kabisa kinafika mita 4,001, na mwezi Juni ndipo msimu wa baridi na mawingu mazito unapoanza katika nyanda za kati. Ukitoka Kilimanjaro au Arusha kwenda Serengeti, njiani kuna nyanda za Ngorongoro, na kingo za kreta ya Empakai zinapita mita 3,000. Julai 19, 2003 ndege iliyokuwa ikienda Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na Point Lenana, wakafa wote 14. Aprili 10, 2006 ndege ya Jeshi la Anga la Kenya yenye watu 17, wakiwamo wabunge waliokuwa wakienda kusuluhisha jamii, iligonga kilima ikijaribu kutua Marsabit katika ukungu. Walinusurika watatu tu. Milima na mawingu yanakutana tena na tena katika orodha hii, na wala si orodha kamili.

Kwa hiyo ukiniuliza kipi kinajirudia, nitakujibu: uamuzi wa kuendelea na safari pale hali ya kuona inapokuwa mbaya. Uamuzi huo mara nyingi huwa umekwisha kufanyika dakika kumi au kumi na tano kabla ya ajali, ndege ikiwa bado haina tatizo lolote na kurudi ilikotoka kukiwa ni jambo la kawaida kabisa.

Niongeze moja dogo kuhusu joto, kwa kuwa wengi hawalifahamu. Uwanja wa Wilson, hapa Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Siku ya joto la nyuzi 26, hewa yake huwa nyepesi kiasi kwamba ndege inaruka kana kwamba uwanja uko zaidi ya futi 8,000, na injini ndogo isiyo na kisukuma hewa hupoteza karibu robo ya nguvu yake. Mwanafunzi aliyezoea kupaa haraka kule Malindi atashangaa anapoona miti ya mwisho wa uwanja inakaribia na ndege inapanda kwa uvivu.

---

Fundi Propela

Nimefanya kazi ya matengenezo ya ndege kwa miaka mingi na ninakubaliana na Mkufunzi kwa sehemu kubwa, ila nisingependa mleta mada aondoke na picha kwamba mitambo haina lawama.

Tutenganishe ndege za mafunzo na ndege za abiria. Cessna 172, ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, ina injini ya pistoni, na matoleo yake ya zamani yana kabureta, yaani kifaa kinachochanganya hewa na mafuta. Hewa inapopita kwenye kabureta hupoa ghafla, na pale ambapo hewa ina unyevunyevu mwingi barafu inaweza kujijenga ndani yake hata kama nje kuna joto la pwani. Ndiyo maana kuna kitasa cha kuelekeza hewa ya moto humo, na ndiyo maana rubani anayekisahau anaweza kuona nguvu inapungua bila kitu chochote kuvunjika. Ikishatua, barafu imeyeyuka, na fundi anayeikagua injini saa mbili baadaye haoni kitu.

Caravan ni habari nyingine. Ina injini ya tabo, yaani inayozungushwa na gesi ya moto badala ya pistoni, na injini za aina hiyo hazizimi kwa urahisi. Hata hivyo ni moja tu, na ikizima hakuna ya akiba.

Katika aina zote mbili ninaloliogopa zaidi ni mafuta. Kila asubuhi kabla ya safari ya kwanza unachukua kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, unakisukuma kwenye valvu iliyo chini ya bawa, unatoa mafuta kidogo na kuyainua juani. Mafuta ya injini za pistoni yanayotumika sana yametiwa rangi ya buluu, ya tabo hayana rangi au yana umanjano hafifu, na maji yakiwemo utayaona yametuama chini ya kikombe kama tone la kioo, kwa sababu ni mazito kuliko mafuta. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Katika viwanja vya porini ambako mafuta hutoka kwenye mapipa yaliyolala nje msimu mzima wa mvua, ndipo inapofaa kufanywa kwa uangalifu maradufu, na ndipo ninapoona inafanywa kwa haraka kuliko kwingine kokote. Mafuta ya aina isiyo yake nayo huua: ukiijaza injini ya pistoni mafuta ya tabo, inaweza kuwaka vizuri kwa yale yaliyobaki kwenye mabomba, ikakupeleka hadi mwisho wa uwanja, kisha ikazima ukiwa hewani.

Hata hivyo kuzima kwa injini peke yake si hukumu ya kifo. Cessna 172 iliyo futi 3,000 juu ya ardhi inaweza kuteleza kilomita nane hivi kabla haijagusa chini, na huo ni muda wa kutafuta shamba. Wanaokufa kwa wingi ni wale ambao injini imewazimia mara tu baada ya kupaa, wakiwa chini sana, nao wakajaribu kugeuka warudi uwanjani. Bawa likilala nyuzi 60, mwendo ambao chini yake ndege hukosa mnyanyuo hupanda kwa asilimia 41. Rubani anapinda kwa nguvu, mwendo hautoshi, bawa moja linaacha kubeba kabla ya jingine, na kutoka futi 400 hakuna nafasi ya kuirekebisha. Angetua mbele yake, hata juu ya vichaka, angekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutoka akiwa hai.

---

Jirani wa Uwanja

Kwa heshima zote kwa wakubwa walionitangulia, naona habari yote inaishia kwa rubani: aliendelea, alisahau, aligeuka. Rubani ni marehemu, hawezi kujitetea, na kumbebesha mzigo ni rahisi kuliko kuwabebesha walio hai.

Mimi ninakaa karibu na uwanja na ninawafahamu vijana wengi wa kazi hii. Kijana anatafuta saa za kuruka ili aajiriwe na shirika kubwa. Kambi ya watalii imepiga simu kuuliza wageni wako wapi, kwa sababu wana ndege ya kimataifa usiku huohuo. Rubani mwenzake amepita njia hiyohiyo nusu saa iliyopita na amefika. Akisema harudi hewani mpaka mawingu yapande, nani atamshukuru? Kiwanja anachokwenda ni ukanda wa changarawe usio na kituo cha hali ya hewa, na taarifa pekee anayoipata ni ya mlinzi anayesema kwa simu kwamba kwake kunaonekana vizuri. Huo uamuzi mnaouita wa rubani ulianza kufanywa ofisini.

---

Msoma Ripoti

Jirani ana hoja, na kwa kweli taratibu za kimataifa zinamuunga mkono kuliko anavyofikiri. Uchunguzi wa ajali za ndege unaongozwa na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ambacho kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama au dhima. Taarifa ya awali inatakiwa ndani ya siku 30, na ripoti ya mwisho itolewe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya miezi 12. Ripoti iliyoandikwa vizuri haiishii kwenye kiti cha rubani. Inauliza alilala saa ngapi, alifunzwa na nani, kampuni ina utaratibu gani wa kuahirisha safari, mwongoza ndege alimwambia nini, na msimamizi alikagua nini mara ya mwisho. Pale ambapo ripoti inataja kosa la rubani na kufunga faili, mimi huihesabu kuwa haijakamilika.

Tofauti yangu na Jirani ni hii: kuueleza uamuzi wa rubani hakumaanishi kumhukumu. Bila kujua aliona nini na alidhani nini, hatuwezi kujua ofisi ilimsukuma wapi.

Lipo pia tatizo la ushahidi, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloifanya mijadala hii isiishe. Ndege kubwa hubeba vinasa sauti na vinasa mwenendo, lakini masharti ya lazima yamejengwa zaidi kwa ndege zinazozidi kilo 5,700, na Caravan iliyojaa haizidi tani nne. Kwa hiyo mchunguzi anayefika porini mara nyingi hana kisanduku cheusi cha kufungua. Anaanza na vyuma. Mapanga ya propela yaliyosokotwa na kupinda kuelekea mbele yanaashiria kwamba injini ilikuwa ikitoa nguvu wakati wa kugonga, ilhali panga lililokunjwa kwenda nyuma bila msokoto linaashiria propela iliyokuwa haisukumwi. Uzi wa taa ya tahadhari hulegea na kurefuka ukipata kishindo ukiwa wa moto, lakini hukatika ukiwa baridi, na hivyo balbu ndogo ya dashibodi inaweza kueleza iwapo taa hiyo ilikuwa imewaka. Mshale wa saa ya mwendo huacha alama kwenye uso wa saa pale ulipokuwa dakika ile. Kazi hiyo inachukua miezi, na nusu ya vyombo vya habari huwa vimekwishatoa hukumu.

Nitaje vyanzo viwili ambavyo havijaguswa. Cha kwanza ni mgongano angani. Machi 5, 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 yenye watu 44, iliyokuwa imetoka Wilson kwenda Diani, iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Dash 8 ilirudi salama, lakini mkufunzi na mwanafunzi wake walikufa. Ndege nyingine, hasa ile inayokuja moja kwa moja kuelekea kwako, haisogei kwenye kioo. Hubaki nukta hadi sekunde za mwisho, na jicho la binadamu halivutwi na kitu kisichosogea.

Cha pili ni mzigo. Ndege inabebwa na mabawa yake ikiwa uzito umekaa ndani ya mipaka fulani ya mbele na nyuma. Agosti 25, 2010 ndege aina ya Let 410 ilianguka Bandundu, Kongo, wakafa 20 kati ya watu 21. Aliyenusurika alisimulia kwamba mamba aliyefichwa kwenye begi alitoroka, abiria wakakimbilia mbele kwa pamoja, na ndege ikaelemea pua. Watu wanaisimulia kama kichekesho. Kwa ndege ndogo, watu kumi na tano kusogea mita nne si jambo la kuchekesha hata kidogo.

Na ndege wa angani nao wamo. Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti na baba yake, alikufa Januari 1959 baada ya ndege yake kugongana na tai.

---

Msafiri wa Kilindoni

Nawashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichotarajia, na sasa naelewa kwa nini wale wa uwanjani hunipima pamoja na begi langu na kunipangia kiti bila kuniuliza. Ila mimi njia yangu ni ya bahari, haina mlima hata mmoja. Je, hayo ya mawingu yananihusu? Na je, abiria ana lolote la kufanya?

---

Mkufunzi wa Anga, Nairobi

Yanakuhusu, ingawa kwa sura nyingine. Kukiwa na utusitusi, bahari na anga huwa na rangi moja, upeo unapotea, na rubani anayeruka kwa macho anaweza kuchanganyikiwa bila hata kuingia kwenye wingu. Wakati wa masika pia kuna kuta za mvua zinazokuja kutoka baharini kwa ghafla. Rubani mzuri huzizunguka au husubiri upande wa pili, nawe utachelewa. Ukichelewa, usiiendee kaunta wala usimpigie meneja ukimwambia kwamba una kikao. Nakubaliana na Jirani kwamba shinikizo hutoka ofisini, lakini ofisi nayo hulipata kwa abiria.

Lingine ni la maji. Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege aina ya ATR iliingia Ziwa Victoria ikikaribia kutua. Kati ya watu 43, waliokufa ni 19, na wengi wa waliopona walitolewa kwa msaada wa wavuvi. Inawezekana kunusurika, ila inategemea unachokijua kabla ya kugusa maji. Ukiketi, hesabu kwa mkono viti vilivyo kati yako na mlango, ujue pia kitasa kinafunguka kuelekea wapi. Jaketi la kujiokoa livae ukiambiwa, lakini usilijaze upepo ukiwa ndani. Mwaka 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoanguka baharini kando ya Visiwa vya Komoro, baadhi ya abiria walikuwa wamekwisha kuyajaza majaketi yao. Maji yalipopanda, majaketi yaliwanyanyua hadi darini na wakashindwa kuzama kidogo ili wapite mlangoni. Kamba ya kujaza upepo ivute ukishatoka nje ya mlango.